Doa Ukingoni mwa Medali

Mtaani walimwita Mama Hapana, na hakuna aliyeona ajabu. Alikuwa sonara, na kila aliyenunua medali mtandaoni kisha akaanza kujiuliza kama amepigwa, alimletea aitazame. Aliigeuza kiganjani, akaisogeza chini ya taa, akasema, "Hapana." Wengine walinuna. Wengine walileta ubishi, na mtu wa ubishi utamfanya nini? Walidhani thamani ni dhahabu, wakati dhahabu ya kuchovya ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukiikwangua yote hupati hata ya kuzibia jino. Thamani ya medali ya namna hiyo ni ukweli wake: herufi ziwe kali, ukingo uwe haujaguswa, na isiwe imechovywa upya na mjanja fulani ili ing'ae kwenye picha. Za kughushi herufi zake huwa zimevimba kama sabuni iliyolala majini. Ameyasema hayo mara ngapi, jamani, hata mdomo wenyewe umeyachoka.

Ila aliyemchosha kuliko wateja wote alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Kaka huyo alikuwa mwashi, amejenga nyumba za watu mpaka magoti yakagoma. Baba yao alikuwa mkimbiaji wa timu ya kiwanda, na kiwanda kilimpa medali ya shaba iliyochovywa dhahabu. Siku walipohama nyumba, sanduku lenye medali alilibeba kaka, kijana mwenye nguvu zake, nalo likapotea njiani asijue lilidondokea wapi. Baba hakumgombeza. Heri angemgombeza. Alinyamaza tu, akanyamaza mpaka anazikwa, na ukimya ule ukamla kaka maisha yake yote.

Baadaye kiwanda kilifungwa, medali zake zikaanza kutafutwa na wakusanyaji, na waghushi nao hawakulaza damu. Tangu kaka apate simu ya kuonyesha picha, kazi yake ikawa kununua na kuleta, kununua na kuleta.

"Siyo hii, kaka."

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Nina hakika."

Hakika hiyo aliitoa wapi? Alipokuwa binti anayejifunza kazi kwa mjomba wake, baba alimpa medali ile aichovye upya, maana dhahabu ilikuwa imekwisha kwa kushikwashikwa. Ndiyo kazi yake ya kwanza. Akafanya kosa la kila mwanafunzi wa usonara: aliibana kwa waya ukingoni, akaitumbukiza kwenye dawa ya dhahabu, akasahau kuisogeza. Pale waya uliposhika, dhahabu haikupita. Pakabaki doa tupu, dogo kama punje ya mchele. Mjomba alitaka irudiwe. Baba akakataa katakata. "Iache. Hapo ndipo mwanangu alipoanzia." Miaka ilivyokwenda, shaba tupu ikaliwa na kutu ya kijani, pakawa kishimo. Kaka hakuambiwa habari hiyo. Kaka hajui kufunga mdomo. Angewauliza wauzaji kuhusu doa, nao wangemtengenezea doa.

Mwaka uliopita ndipo Mama Hapana alipoharibu. Wifi yake, mke wa kaka, alikuja dukani, akakaa kwenye stuli, akavua viatu. "Wifi, mwambie ndiyo hata mara moja," alisema. "Nyumba yangu imegeuka ghala la vyuma." Mama Hapana alikuwa amechoka siku hiyo, na uchovu ni mshauri mbaya. Medali iliyofuata ilipoletwa, akasema ndiyo. Kaka alilia mbele yake. Akaivaa ndani ya shati, jasho likaichuna kwa siku chache, kifua kikawa kijani, akajua amedanganywa. Hakumgombeza mdogo wake. Alinyamaza, vilevile kama baba.

Sasa mchana huu kaka ameingia tena na kibahasha. Ameketi kwenye stuli ileile, macho yamezidi kufifia, pumzi inakatika.

"Hii ni ya mwisho," alisema. "Sitanunua tena. Itazame tu."

Iling'aa kupita kiasi. Muuzaji alikuwa ameichovya juzi tu. Mama Hapana alitaka kusema neno lake la kila siku. Lakini herufi zilikuwa kali chini ya ung'avu ule, naye akapitisha ukucha ukingoni kwa mazoea. Ukucha ukakwama. Hapakuwa na kishimo wazi. Palikuwa na kishimo kilichozibwa kwa risasi ya kulehemu, kikachovywa juu.

"Kaka, ndiyo hii."

Kaka alitabasamu kichovu. "Hata safari ile ulisema hivyohivyo."

"Safari ile nilikudanganya. Leo sikudanganyi." Akamweleza habari yote, waya, mjomba, baba. Akamshika kidole akakiweka pale ukingoni. Lakini vidole vile vimeliwa na saruji tangu ujana, havihisi hata moto.

"Sisikii kitu," kaka alisema. "Mdogo wangu, usinionee huruma. Nimezoea."

Ilimuuma kuliko tusi. Alikuwa na neno moja tu la kuuza duniani, na neno lenyewe alilichezea. Akachukua tupa.

"Nikiikwangua, hakuna mkusanyaji atakayeigusa tena. Hata ile thamani kidogo iliyobaki itakwisha."

"Ni ya baba au si ya baba? Mimi nataka hilo tu. Kwangua."

Akakwangua mbele yake, polepole, dhahabu ya muuzaji ikitoka pamoja na ile aliyoichovya mwenyewe ubintini. Shaba ikatokeza. Kipande cha risasi kikachomoka, kikadondoka mezani. Chini yake kulikuwa na kijani kizito, cha miaka na miaka, ambacho hakuna mjanja anayeweza kukipika kwa wiki. Akampa kaka kioo cha kukuzia.

Kaka alitazama muda mrefu.

"Alikuwa anapapasa hapa," alisema mwishowe. "Kwa kidole gumba, akisikiliza redio. Nilidhani ni mazoea tu." Akaweka kioo chini. "Nimechoka, mdogo wangu."

"Na mimi nimechoka, kaka."

Wakakaa. Medali ilikuwa katikati yao mezani, imechunika, inatia huruma.

"Nikuchovyee upya?"

Kaka alifikiri. "Ichovye," alisema. "Ila pale uliposahau, usahau tena."

Mama Hapana akakata waya, akaibana medali palepale, akaitumbukiza kwenye dawa, na hakuisogeza.