Msimu Tulioshindwa Kwenye Kona ya Bibi

Mvua za kwanza zilipogeuza barabara ya misheni kuwa tope, kaka yangu aliitisha kikao cha tathmini ya msimu. Tulikutana jikoni, tukakalia magunia matupu, moshi wa kuni mbichi ukitutoa machozi kabla hata ajenda hazijasomwa. Tulikuwa wanne. Kaka alikuwa mwenyekiti kwa sababu nyundo ilikuwa yake. Jirani yetu, kijana mpole asiyependa maneno, alikuwa fundi. Wa tatu alikuwa binamu yetu, mtoto wa shangazi, aliyeletwa kwetu kutoka Tunduma ili asome, kwani kule mpakani alikuwa akijua bei ya kila kitu na jedwali la kuzidisha hajui. Wa nne nilikuwa mimi, msichana pekee, niliyekuwa darasa la sita, na ndimi niliyekuwa dereva.

Kaka alifungua kikao kwa kumshukuru Mungu kwa uzima. Alikuwa amezoea kujibanza dirishani baba alipokwenda kwenye mikutano ya ushirika wa kahawa, na akawa amejifunza pale kwamba jambo lolote, hata liwe baya namna gani, lazima litanguliwe na shukrani. Kisha akasema kwamba katika msimu uliopita tulishiriki mashindano yote na tukashindwa yote, na kwamba wajumbe wako huru kuchangia.

Kwa wasioyajua mashindano yenyewe, nieleze. Mwanzoni vigari vyetu vilikuwa vya magurudumu ya mbao yaliyozunguka juu ya mti uliopakwa mafuta ya mawese, vikilia njia nzima. Baadaye biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kupanga foleni mpakani kwenda Zambia, na gereji za Tunduma zikawa zinatupa beringi zilizochoka kama sisi tulivyotupa maganda ya maharage. Binamu alikuja na mfuko mzima wa beringi badala ya madaftari. Fundi akazipachika katikati ya magurudumu, akapigilia vipande vya tairi kuzunguka mbao, akaweka kamba ya usukani na breki ya soli ya kandambili. Kigari hicho kikishuka mteremko wa misheni, kuku walikuwa wakisikia kabla yetu wakapisha.

Wapinzani wetu walikuwa ndugu wawili wa Tunduma. Baba yao alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, mtu mwenye kanzu safi na maneno machache, aliyekuja na Fuso lake kila Jumamosi ya kiangazi kununua mahindi yetu. Wanawe walipanda juu ya magunia matupu wakiwa na kigari chao, kilichopakwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la nyumba yao. Wakati baba yao akipima mahindi, sisi tulishindana. Malori ya mahindi yalipokoma na mvua ikaanza, msimu uliisha wenyewe.

Mteremko ulianzia juu karibu na geti la misheni, ukashuka moja kwa moja kupita mashamba ya kahawa, ukala kona moja kubwa, kisha ukamalizikia kwenye daraja la magogo. Kuanzia juu mpaka kwenye kona, hakuna aliyewahi kunipita. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu hakuna kingine nilichowahi kuongoza. Darasani nilikuwa katikati. Kisimani nilikuwa nyuma, maana ndoo za wakubwa zilitangulia. Nyumbani nilikula na wadogo. Lakini juu ya ubao ule, upepo ukinijaa machoni, watu wote walikuwa nyuma yangu, na nilipenda hali hiyo kuliko ninavyoweza kueleza.

Tatizo letu lilikuwa kwenye kona. Hapo, kando kabisa ya barabara, alikaa bibi mmoja juu ya kigoda, akichagua maharage kwenye ungo. Hakuwa bibi yetu wa kuzaa. Alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa wamekwenda kwenye migodi ya Zambia siku nyingi, wakabaki hukohuko. Sasa, kwetu mtoto hampiti mtu mzima bila kumwamkia, na maamkizi hayafanywi ukiwa unatembea. Mtu wa baiskeli anashuka. Mwenye mzigo kichwani anasimama. Mvulana anaweza kuinama kidogo akaeleweka, lakini msichana anapiga magoti, chini, kwenye vumbi, na anasubiri mpaka aitikiwe.

Basi katika shindano la kwanza niliingia kwenye kona nikiwa mbele kwa umbali wa mashamba mawili, nikamwona bibi, nikakanyaga breki. Sikufikiria. Miguu yangu ilikuwa imelelewa hivyo. Nilishuka, nikapiga magoti, nikasema shikamoo. Bibi akaitikia, halafu akaanza kuniuliza kwa Kinyiha habari za baba, za mama, za kahawa, na za ng'ombe wetu aliyekuwa na mimba. Nilikuwa kwenye habari za kahawa wakati kigari chekundu kilipotupita. Dereva wake, yule mdogo wa wale ndugu, alipaza sauti akasema shikamoo bibi, kwa adabu zote, bila kupunguza mwendo. Bibi akaliitikia vumbi lake marahaba, kisha akarudi kwangu kwenye habari za ng'ombe.

Shindano la pili kaka aliamuru tuanze mapema, kabla bibi hajatoka. Bibi naye alitoka mapema. La tatu aliniagiza nitazame upande wa pili wa barabara, nijifanye sikumwona. Nilitazama kahawa kwa bidii zote, lakini nikasikia sauti ikisema, "Mjukuu wangu, shingo inakuuma?" Ikabidi nisimame nieleze kwamba haiumi. Shindano la mwisho walinivika kofia ya baba na koti la kaka ili nisitambulike. Bibi aliitambua kofia. Akataka kujua baba anaumwa nini hata kofia yake ivaliwe na mtoto.

Hayo yote kaka aliyasimulia upya katika kikao, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa, kisha akauliza kama kuna swali. Binamu aliomba nafasi. Yeye alikuwa na mazoea ya kumsalimu kila mtu kwa neno mulishani, kama walivyofanya na Wazambia huko sokoni kwao, na hata ng'ombe wetu alimsalimu hivyo. Alisema kigari hakina tatizo, mteremko hauna tatizo, tatizo ni magoti. Msichana akishashuka akapiga magoti, shindano limekwisha. Yeye ni mvulana, na zaidi ya hapo amekaa mjini, anaweza kuamkia huku anakwenda. Kwa hiyo alipendekeza msimu ujao dereva awe yeye.

Kaka aliuliza kama maamkizi yanayotolewa kwenye mwendo ni maamkizi. Mjadala ukawa mrefu. Ilikumbukwa habari ya mjomba mmoja aliyewahi kumwamkia mkwewe bila kushuka kwenye baiskeli, na jinsi jambo hilo lilivyozungumzwa mpaka kwenye harusi ya mtoto wake. Fundi, ambaye hakuwa amesema kitu tangu kikao kifunguliwe, alisema breki yake ni nzuri na isilaumiwe. Mimi nilikuwa nimeshika ukuni, nachokoa majivu kwa hasira. Niliona kwamba nakwenda kunyang'anywa kitu changu pekee kwa sababu ya kuwa na adabu, na adabu hiyo ni wao wenyewe walionifundisha. Kaka ndiye aliyenipiga kofi mwaka mmoja kabla, nilipompita mzee wa kanisa bila kusimama.

Mwenyekiti aliona uso wangu. Sijui kama alinihurumia au aliogopa ule ukuni. Alisema kabla ya kubadili dereva ni vizuri upelekwe ujumbe kwa bibi, aombwe kwa heshima kwamba msimu ujao, siku za mashindano, akubali kuamkiwa asubuhi nyumbani kwake, ili mchana tumpite bila deni. Au kama itampendeza, akae ndani. Ujumbe uwe wa mwenyekiti, binamu na mimi. Mimi niliwekwa kwa kuwa nilikuwa nimeshazungumza naye kuliko mtu yeyote.

Tulikwenda siku ambayo mvua ilipumzika. Mama alitupa ndizi mbivu tusiende mikono mitupu, bila kujua tunakwenda kufanya nini. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, kando ya barabara ile ile, ingawa hakuna aliyekuwa akipita isipokuwa maji. Nilipiga magoti kwenye tope. Kaka aliinama. Binamu, nashukuru kusema, alianza kwa mulishani akajirekebisha.

Kaka aliwasilisha hoja. Aliianza mbali, kwa uzima na mvua njema, akapitia kwenye umuhimu wa michezo kwa vijana, akafika kwenye kona, akaizunguka, akarudi tena. Bibi aliendelea kuchagua maharage. Nilidhani hasikilizi. Kaka alimalizia kwa kusema bibi anaweza kuchagua maharage ndani, maana hata vumbi la barabarani si zuri kwa maharage.

Bibi aliuweka ungo chini.

"Maharage nachagulia ndani siku zote," alisema. "Haya ni ya kushika mkononi tu. Hapa nakuja kukaa kwa sababu huyu anasimama."

Alinionyesha kwa kidevu. Kaka, ambaye alikuwa amejiandaa kwa majibu ya kila namna, kwa jibu hilo hakuwa amejiandaa. Bibi akaongeza, taratibu, kwamba kama anafanya tushindwe basi hakujua, na msimu ujao atakaa ndani, si kazi. Kisha akazipokea ndizi kwa mikono miwili na akauliza habari za ng'ombe.

Tulirudi nyumbani. Binamu alitembea nyuma akipiga teke kijiwe kimoja mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nikilia kidogo, si sana. Nilikuwa nimemchukia bibi yule msimu mzima, kila Jumamosi, nikiwa nimepiga magoti mbele yake na kujibu habari za kahawa kwa kifupi kadiri nilivyoweza. Kumbe kifupi hicho alikuwa akikisubiri wiki nzima.

Kikao kiliendelea jioni ile ile, kwenye mengineyo. Mwenyekiti alisema hali ni ngumu. Ndipo nilipoomba nafasi kwa mara ya kwanza, nikapendekeza mstari wa kumalizia utolewe darajani, uwekwe kwenye kigoda cha bibi. Aliyefika, akasimama, akaamkia na kuitikiwa, ndiye ameshinda. Anayetaka kuendelea mpaka darajani aendelee, hiyo itakuwa ni safari yake binafsi.

Kaka alisema mbio zitakuwa fupi. Fundi akasema breki zitakuwa na kazi, na aliposema hivyo uso wake uling'aa. Binamu akasema anaunga mkono, na kwamba yeye, hata hivyo, hapendi kukaa mbele, anaingiwa na vumbi. Mpaka leo sijamwuliza kama ilikuwa kweli. Kikao kikafungwa kwa sala, na kesho yake nikatumwa kumwambia bibi asikae ndani.

Kiangazi kilirudi, na Fuso likaja. Wale ndugu wa Tunduma walielezwa kanuni mpya wakaikubali palepale, wakaona haina neno kwa watu waliokuwa wameshinda kila shindano. Baba yao aliposikia kwamba mwamuzi ni bibi na tuzo ni kuitikiwa, aliacha kupima mahindi kwanza, akatembea mpaka kwenye kona kutazama.

Nilisukumwa, nikashuka. Upepo ulikuwa ule ule. Nyuma yangu nilisikia beringi zao zikilia karibu kuliko msimu uliopita, kwa sababu nao walikuwa wamefanya tathmini yao. Nilipoingia kwenye kona nikamwona bibi. Siku hiyo hakuwa na ungo. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani, na ilikuwa Jumamosi.

Nilikanyaga breki mahali nilipozoea kukanyaga. Kigari kikasimama, nikashuka, nikapiga magoti, nikaamkia. Kigari chekundu kilifika nyuma yangu hapohapo. Dereva wake alipaza shikamoo yake na kutafuta breki, lakini katika msimu mzima hakuwahi kuhitaji kusimama pale, na breki yake haikuwa imefundishwa. Alitupita. Alipita na shikamoo yake, akapita kahawa, akaenda zake mpaka darajani, na baba yake akimfuata kwa macho.

"Huyo anakwenda wapi?" bibi aliuliza.

Nilisema anakwenda darajani. Akatikisa kichwa, akaniitikia marahaba, taratibu, kama kawaida yake. Kaka na wenzake walikuwa wanakimbia kushuka, nawasikia wakipiga kelele, lakini walikuwa bado mbali. Nilimwambia bibi kwamba leo nimekuwa wa kwanza. Nilitaka ajue.

"Hapa kwangu umekuwa wa kwanza siku zote," alisema. "Ulikuwa huna nafasi ya kusikia."

Kisha akaniuliza habari za baba, za mama, za kahawa na za ng'ombe. Sikuwa na mahali pa kukimbilia. Nilimwambia ng'ombe amezaa, ndama ni jike, ana baka jeupe usoni, na tukaongea habari za ndama huyo mpaka wenzangu wakafika.