Sweta ya Uzi Mnene

Jirani ameanika sweta barazani, na harufu ya sufu iliyolowa imeingia hadi jikoni kwangu. Nimefunga dirisha. Haijasaidia.

Nilikuwa bado mtoto mdogo, na mama alikuwa na mimba. Alitaka uzi mwembamba, ule laini wa watoto wachanga, lakini Busia yote haukupatikana. Mwanamke aliyekuwa akitembeza bidhaa za Uganda pale kwetu Burumba alikuwa na mnene tu, wa rangi ya maziwa.

"Chukua, nyabo. Uzi ni uzi."

Mama akachukua. Akaanza na idadi ileile ya mishono aliyozoea kwa uzi mwembamba, akafuma jioni baada ya jioni, nami nimepakata donge la uzi likinikwaruza mapaja. Sweta ilipoisha, nyanya aliinyanyua mbele ya taa akacheka hadi akakaa chini.

"Huyu mtoto anazaliwa akienda nasari?"

"Atakua tu," mama akasema, naye akicheka, mkono tumboni. "Itamtosha."

Alirudi kutoka hospitali na beseni na shuka, basi. Hakuna aliyenieleza kitu.

Asubuhi ya kumzika mtoto kulikuwa na ukungu, nami nilikuwa nikitetemeka mlangoni. Mama akaingia chumbani, akatoka na ile sweta. Alinivalisha, akafunga vifungo polepole kuanzia chini, akavuta mikono ya sweta hadi ikafika kwenye viganja vyangu.

"Imekutosha," akasema, bila kunitazama usoni.