Walisema Watoto Wangu Wamenona

Admin, ficha jina langu na la kijiji, maana huku Kirinyaga tunajuana hadi kuku. Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, nimeolewa, na nilikuwa na mapacha, mvulana na msichana. Sasa nimebaki na msichana, naye yuko wodini.

Nafanya kazi Wang'uru, kwenye mashine ya mchele. Vumbi la pale halifai mtoto, kwa hivyo nilipowaachisha kunyonya niliwapeleka karibu na Kianyaga kwa mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Cucu, yaani bibi. Kabla hujamhukumu, jua kwamba Cucu anawapenda wale watoto kuliko macho yake. Ana ng'ombe, ana kuku, ana maharagwe shambani. Chakula kilikuwepo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Shida ilianza na surua, kisha kuharisha kusikoisha. Kwa Cucu, mtoto anayeharisha hapewi maziwa, mayai wala maharagwe, eti ni vyakula vizito na tumbo limechoka. Anapewa maji ya mchele, basi. Mchele wenyewe ni chenga, zile punje zilizovunjika mashineni, nilizokuwa nikimtumia mimi. Kuharisha kukipungua anangoja kidogo, kukirudi anaanza upya. Wiki zikapita hivyo. Watoto wakaacha kucheza, nywele zikawa nyepesi zenye rangi ya kutu.

Halafu mashavu yakajaa. Cucu akanipigia simu kwa furaha, akatuma na picha. Wanawake wa kanisani waliwabeba wakasema wamenona. Nami nikawaonyesha wenzangu kazini ile picha, wakanipongeza.

Mvulana aliposhikwa na nimonia tuliwakimbiza wote wawili hospitali. Muuguzi alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, akatoa kidole, shimo likabaki. Akaniangalia.

"Mama, huyu hajanona. Huyu amefura. Ni njaa."

Nilitaka kumtukana. Akanieleza taratibu kwamba ugonjwa ulimla mtoto nguvu, sisi tukamnyima chakula cha kuzirudisha, na mwili ulioishiwa nguvu hivyo hauna cha kupigania ugonjwa mwingine ukija. Nao ulikuwa umekuja. Mvulana wangu alikufa nikiwa nimemshika.

Mazishini Cucu aliwaambia watu ni nimonia, ni baridi ya huu mlima. Hajui. Mume wangu amenikataza kumwambia, anasema mama yake atakufa kwa uchungu na tutazika wawili. Nimemeza. Lakini nina hasira, jamani, tena hasira isiyo na pa kwenda. Utamchukiaje mtu aliyeua kwa huruma?

Jana msichana aliharisha kidogo. Nikatoka kwenda kufua nguo zake. Kurudi, nikakuta Cucu amemwaga yale maziwa maalum ya wodini, amempakata mtoto, anamnywesha kwa kijiko kutoka kwa thamosi aliyokuja nayo. Maji ya mchele.

"Usijali, Mama Twins," akaniambia. "Hawa wa hospitali wanalisha tu na tumbo imechoka. Huyu siwezi wacha aende kama ndugu yake."

Machozi yalikuwa yakimtiririka. Nilimchukua mtoto nikasema ana usingizi.

Wiki ijayo mtoto anaruhusiwa kutoka. Mume wangu anataka arudi kwa Cucu, kwa sababu tukimpeleka kwingine mama atauliza kosa lake ni nini. Cucu mwenyewe ameshafua blanketi la mtoto, ameshamwambia jirani kwamba mjukuu anarudi.

Nyinyi mlio na mama wakwe wazuri, hasa nyinyi, niambieni. Nitamwambiaje huyu mama kwamba ni mkono wake, na abaki hai? Ama ninyamaze, nimtoroshe mtoto wangu kama mwizi? Nishaurini kabla ya wiki ijayo. Msinitukanie Cucu.