Matofali Yangu, Nyumba ya Shemeji

Kwetu Mwello, upande wa Uganda, mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Ukitangulia, hakuna atakayekupiga faini. Watakusubiri tu mtoto wako akohoe, kisha wote wageuke waitazame nyumba yako. Kwa hiyo mimi na mume wangu, kitinda mimba wa kwao, tuliendelea kuishi kwenye simba, kile kibanda cha nyasi ambacho kijana hujijengea akishapevuka na ambacho mtu mwenye mke na watoto hana kazi nacho. Kilikuwa bondeni, karibu na mto. Mvua ikinyesha tulikizungusha kitanda chumba kizima kama watu wanaotafuta mtandao.

Matofali tulikuwa nayo. Tuliyafyatua wenyewe kwa udongo wa mtoni, tukayachoma, tukayapanga nyuma ya jiko, yakakaa pale mpaka kuku wakayageuza wodi ya wazazi. Kilichokosekana ni shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, kujenga yake kwanza. Shemeji aliuza mitumba Busia, upande wa Kenya, na alipanga chumba kwenye ploti, safu ya vyumba vya wapangaji, huko huko. Kila Krismasi tulimuuliza, na kila Krismasi alitusomea hali ya uchumi. Shilingi ya Kenya ikipanda, biashara imekufa kwa sababu Waganda hawanunui. Ikishuka, imekufa kwa sababu marobota yamekuwa ghali. Uchaguzi ukikaribia, upande wowote wa mpaka, tusubiri upite. Waziri wa fedha angemwonea wivu.

"Mwaka kesho mambo iko sawa, shemeji," aliniambia. "Mimi najenga tu."

Mama mkwe hakutaka kusikia habari ya kumruka. "Mtu iko hai, unamruka namna gani? Nyinyi mjengee yeye kanyumba ka udongo. Yeye nakuja, nasimamisha mti ya kwanza, nalala ndani siku moja. Basi, nyinyi jenga."

Tulikuwa tayari kukata miti siku hiyo hiyo. Shemeji hakutokea. Wiki hii ana homa, wiki ile forodha wamebana. Mume wangu alisema tuvumilie, na mimi uvumilivu wangu huisha haraka kuliko sabuni. Nikabeba kikapu cha mihogo, nikavuka mpaka.

Sokoni nilikuta meza yake haina mtu, ameenda kunywa chai. Bahati iliyoje! Nilikaa kwenye stuli yake, nikawasalimia wenzake, nikagawa mihogo. Kisha nikatangaza kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao shemeji anaingia nyumba yake mpya nyumbani Uganda, wote wamealikwa, na jogoo yupo. Nilitaka aone haya tu, aje asimamishe huo mti wake.

Mwanamke aliyeuza viatu meza ya pili aliacha kung'arisha.

"Ile keja ya matofali, iko na veranda? Ametupigia hiyo stori miaka mingi. Sisi tulidhani alishaingia kitambo!"

Kumbe shemeji alishajenga zamani, ila mdomoni. Nilifurahi vibaya sana.

"Ndiyo hiyo hiyo," nikasema. "Tunamalizia veranda."

Jumapili iliyofuata shemeji alifika nyumbani jasho likimtoka, akanipita bila salamu. Nikajua nimeshinda, anakwenda kutafuta mti. Lakini mtu aliyewaahidi wenzake veranda hawezi kuwaonyesha kibanda cha udongo. Alizunguka nyuma ya jiko, akasimama mbele ya matofali yetu, akayatazama muda mrefu, kisha akamwita mdogo wake pembeni. Nilimwona mume wangu akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mume wangu ni mtu mwema, na siku hiyo niliuchukia wema wake wote.

"Yake ikisimama, yetu nafuata," aliniambia. "Si ndiyo wewe ulitaka?"

Ndiyo nilichotaka. Nilichinja mmoja wa wale kuku waliopoteza wodi, nikamla kwa hasira.

Nyumba ilipanda upesi, maana majirani wote walitaka kuona mwisho wake. Mabati shemeji aliyaleta mwenyewe, mapya, yanang'aa hadi Kisoko. Siku yenyewe wageni wa Busia walikuja wakiwa wamependeza, wakala jogoo, wakagongagonga kuta. Yule mama wa viatu akaweka kidole ukutani, akauliza mbona plasta bado mbichi. Shemeji akanitazama kwa macho ya kuomba.

"Tumepiga upya," nikasema, "kwa heshima yenu."

Wageni waliondoka, shemeji akalala mle peke yake kama desturi inavyotaka. Asubuhi nikamkuta verandani akifunga begi. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, yote ya matofali.

"Nyumba kubwa kuliko zote hapa," nikaanza, "nawe unarudi kubanana kwenye ploti?"

Hakukasirika. "Shemeji, kule ploti jirani nakohoa, mimi nasikia. Mtoto yake nalia, nasikia. Jana humu nasikia mimi peke yangu tu. Wewe nafikiri nilikataa kujenga juu ya pesa? Nyumba ya matofali, mimi nalala na nani?"

Nilikuwa nimetembea na hasira mwezi mzima, na sasa sikuwa na pa kuitua. Akanipa ufunguo nimtunzie. Kwa desturi mimi siruhusiwi kulala mle, wala mama yake, kwa hiyo niliushika tu.

"Njoo Jumamosi utukanyagie udongo wa kufyatulia," nikamwambia. "Matofali yangu unayo wewe."

Akasema Jumamosi ni siku ya soko, hawezi kuacha meza.

Ijumaa jioni alikuwa amefika, amevaa suruali ambayo hakuna mteja aliyeitaka.