Geti Lisilofungwa la Lorna

Huko vilimani kaskazini mwa California, watu wanaolima bangi hawalali kabla geti halijatiwa mnyororo na kufuli. Lorna Kettleman peke yake huliacha la kwake wazi, na majirani wamemwonya mpaka wamechoka.

"Utaibiwa wewe," Duane, jirani yake, alimwambia.

"Waibe nini? Cha maana walishakichukua."

Walimchukua Hollis, mumewe. Jimbo liliporuhusu bangi ya wagonjwa, Hollis, mtu wa kunyoosha mambo, alimwita mwenyewe mkuu wa polisi wa wilaya aje kukagua shamba. Kila mche ukafungwa kibandiko cha wilaya, alama ya ruhusa. Duane alimcheka sana. Yeye alilima yake msituni, kimya, kama baba yake. Kisha wakaja watu wa serikali kuu, ambayo sheria yake bado ilikataza bangi yoyote, wakahesabu miche kwa vibandiko vilevile. Mwendesha mashtaka wao angeweza kufumba macho, wenzake wa kwingine walifumba. Huyu hakutaka. Mahakamani Hollis hakuruhusiwa hata kutamka kwamba jimbo lilimpa ruhusa, akafungwa miaka mingi. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wangemtazama kwanza aliyeushika.

Miaka ikapita. Akaja mwendesha mashtaka mpya, akatangaza kwamba hatawagusa wanaofuata sheria ya jimbo. Wakili akamwomba akubali Hollis atolewe mapema, na Lorna akaanza kungoja kwa moyo wote. Alimtamani mumewe: uzito wake kitandani, utomvu mikononi mwake kila mavuno, hata kule kukoroma kwake kulikomfanya ampige kiwiko usiku. Siku moja alilifua shati lake kwa kusahau, harufu ya Hollis ikapotea, akalia kama aliyefiwa.

Jibu lilikuja kwa simu ya wakili.

"Amekataa, Bi Lorna. Kesi za zamani hazigusi. Ni hiari yake."

"Kila mtu ana hiari isipokuwa mimi!"

Jioni Hollis akapiga kutoka gerezani. Lorna alianza na habari nyepesi.

"Duane kapewa leseni. Siku hizi bangi ni ruksa kwa kila mtu mzima, kafungua duka pale ubavuni mwa duka la mikate. Eti rekodi yake safi."

Hollis alicheka mpaka akakohoa. "Mhuni yule! Na mimi nikitoka?"

"Aliyefungwa hapewi." Kisha akaitoa habari yenyewe. "Hollis, yule mpya amekataa."

Hollis akauliza swali lake la kila simu.

"Geti umefunga, mpenzi?"

Siku zote Lorna alimdanganya kwamba amefunga. Leo hakuweza.

"Sijalifunga tangu wakuchukue. Funguo zako walikunyang'anya siku ile. Ukija na nisikusikie, utaingiaje?"

Lorna alimsikia Hollis akilia, mara ya kwanza katika ndoa yao yote, mpaka muda wa simu ukaisha.