Programu ya Bure Imenitoa Jasho

Jamani, programu yangu imeondolewa tena kwenye duka la programu za simu.
Ile ya bure, ya kukokotoa ujazo wa mzigo.
Kanuni zimebadilika. Sasa ukitoa kitu bure, unajaza fomu ueleze unafaidika nini.
Nimeikodolea macho.

Mara simu. Mama Neema, mfanyabiashara wa Mwanza, yuko ghalani Huangpu, kule China.
"Mwanangu, kale kaprogramu sikaoni kwenye simu mpya! Laoban, bosi wa ghala, anataka ujazo sasa hivi."
"Haya mama, nisomee vipimo."
Maboksi thelathini, kila moja na saizi yake. Nimekokotoa kwa kalamu, huku naguna!
"Asante mwanangu. Ila kale kalikuwa hakaguni."

Nimerudi kwenye fomu. Unafaidika nini?
Nimeandika: napumzika.
Mnadhani watanipitisha?