Chura Ambaye Visitación Hamwoni Tena

Saa nne asubuhi, mbele ya lango la kale la chuo kikuu cha Salamanca, Hispania, watalii wamekodolea ukuta macho. Wanamtafuta chura. Ni wa jiwe, mdogo, amekalia fuvu katikati ya nakshi zilizojaa ukuta mzima.

Visitación Cabezas, mwongoza watalii mwenye miaka 58, amesimama pembeni na mwavuli wake mwekundu. Hawasaidii. Hapa kila mtu humtafuta chura mwenyewe. Ukionyeshwa, bahati huna, na ukiwa mwanafunzi utafeli.

Desturi hiyo imemsitiri tangu Krismasi. Visitación ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukuta aliousimulia kwa miaka thelathini umebaki ukungu wa njano.

"Mama, si yule pale?" anauliza mzee mmoja kutoka Burgos, akinyoosha kidole.

Visitación anakifuata kidole. "Ndiye huyohuyo. Hongera, baba."

Chura anaruka na kwenda zake. Alikuwa njiwa.

Watu wanavunjika mbavu, wakidhani ni utani wake. Naye anacheka nao. Fermín Tabernero, mwongozaji mwenzake, hacheki.

Kwenye baa ya jirani, Fermín anamsogezea kahawa.

"Visi, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Acha hizo. Jana uliniamkia 'shikamoo bibi'. Mimi, na midevu yote hii."

Anatabasamu kidogo, kisha uso unamshuka. "Naogopa, Fermín. Kule kwenye mnara wa kanisa kuu napanda ngazi kwa kupapasa, na watu wa watu wako nyuma yangu. Mmoja akianguka, nitamwambia nini mama yake?"

"Basi usipande. Kamwambie bosi."

"Atanifukuza."

"Huenda. Lakini hujaua mtu bado."

Jicho la kulia litapasuliwa Jumanne. Daktari amempa matumaini, hakumpa ahadi, na tangu apangiwe siku hiyo usingizi umempaa.

Kundi la mchana limeshafika, linataka mnara. Visitación anampa Fermín mwavuli.

"Wapandishe wewe. Mimi naenda ofisini." Anasita. "Bandeji ikitoka, nitakuja ukutani kabla ya wageni. Wewe kaa mbali, usinionyeshe."

"Na usipomwona?"

Visitación ameshageuka. Ameshika kuta za nyumba kwa mkono, anateremka mtaa polepole kuelekea kwa bosi.